Gereji ya umeme wa magari Malindi: HiAce iliyokuwa ikizima njiani na kuwaka ikipoa

Gereji ninayoitathmini hapa iko Malindi, kando ya barabara ya kwenda Mombasa, na kazi yake ni moja tu: umeme wa magari pamoja na kompyuta na sensa zinazoongoza injini. Haiuzi spea, haibadilishi oili, wala haishiki kazi ya breki. Ninaiandikia kwa urefu kwa sababu ilimaliza tatizo lililozishinda gereji nyingine mbili, na kwa sababu fundi wake hutoza malipo ya kuutafuta ubovu wenyewe, jambo ambalo wengi wetu wenye magari ya abiria hatujazoea kulilipia.

Gari lenyewe ni Toyota HiAce ya petroli, yenye injini ya 1TR-FE ya lita 2 na gia za mkono, nalo hubeba wageni kati ya Malindi, Watamu na uwanja wa ndege wa Moi ulioko Mombasa. Asubuhi lilikuwa likiwaka bila shida na kwenda vizuri hadi Gede, na wakati mwingine hadi Matsangoni, kisha injini ikazima ghafla, bila kukohoa wala kupungua nguvu kwanza. Dereva aliegesha kando, akasubiri lipoe, akawasha, nalo likawaka kana kwamba hakuna lililotokea. Kuna siku lilikwenda Mombasa na kurudi salama, na kuna siku halikufika hata Gede. Hitilafu ya namna hii ni kama jino linalouma usiku kucha na kunyamaza ukifika kwa daktari, na ndiyo maana huwatia wenye magari hasara kubwa kuliko ubovu ulio wazi: gari likifika gereji huku injini inanguruma vizuri, fundi hana cha kupima, na asiye na subira huanza kubadilisha vitu kwa kubahatisha.

Gereji ya kwanza, ambayo siitaji, ilibadilisha pampu ya mafuta kwa hoja kwamba injini ilipozima pampu haikusikika ikifanya kazi. Ya pili iliunganisha mashine ya kusomea kompyuta ya gari, ikapata msimbo P0335 unaohusu sensa ya krankishafti, yaani mhimili wa injini unaozungushwa na pistoni, ikabadilisha sensa na kuufuta msimbo. Mara zote mbili gari lilitulia kwa muda, kisha likarudia yale yale.

Nilipolipeleka kwa fundi huyu wa tatu, kwanza hakufungua kitu. Alimwita dereva, akamketisha, akamuuliza. Linazima likiwa katika mwendo au limesimama? Jua likiwa kali tu, au hata usiku? Baada ya kuruka tuta, au hata kwenye lami laini? Na linapozima gia ikiwa imo, mshale wa mzunguko wa injini unafanyaje? Dereva akakumbuka kwamba mshale ulikuwa ukianguka hadi sifuri papo hapo, ingawa gari lilikuwa bado linabingirika na magurudumu yanaizungusha injini. Fundi akaliandika jibu hilo kwenye daftari lake na kulipigia mstari. Maana yake ni kwamba injini ilikuwa inazunguka lakini kompyuta haiuoni mzunguko huo. Kama kosa lingekuwa la mafuta peke yake, mshale ungeshuka taratibu pamoja na mwendo wa gari.

Inafaa kueleza hapa kazi ya sensa hiyo, kwa kuwa ndiyo iliyowachanganya waliotangulia. Sensa ya krankishafti husoma gurudumu la meno lililofungwa kwenye krankishafti, lililogawanywa katika nafasi za meno 36, na mawili kati ya hayo yameachwa ili kompyuta ijue pistoni zimefika wapi. Ishara hiyo ikikatika, kompyuta haijui tena wakati wa kurusha cheche wala wa kunyunyiza mafuta, kwa hivyo huacha vyote viwili. Tena katika mfumo huu wa Toyota, kompyuta isipopata ishara hiyo huikata pia rilei ya pampu ya mafuta, yaani swichi yake ya umeme, nayo ni tahadhari nzuri, maana gari likipata ajali na injini kusimama, mafuta hayaendelei kusukumwa. Kwa hivyo pampu yetu ilinyamaza kweli, lakini ilinyamazishwa. Aliyeibadilisha alisikia sawasawa na kuhukumu vibaya. Na msimbo P0335 nao hausemi kwamba sensa imekufa. Unasema kwamba mkondo wake una kasoro, na mkondo huo una sensa, soketi, nyaya na kompyuta yenyewe.

Nilimuuliza kama anaweza kuanza kazi siku hiyo hiyo. Akanijibu, “Mzee, sibadilishi kitu mpaka lizimike mikononi mwangu.” Nakiri jibu hilo halimfurahishi mtu mwenye wageni wa kuchukua uwanja wa ndege, lakini nimeliheshimu zaidi kila nilipolifikiria.

Pamoja na msimbo, kompyuta ya gari huhifadhi hali ilivyokuwa wakati hitilafu iliponaswa: mzunguko wa injini, mwendo wa gari, joto la maji na mengineyo. Ukifuta msimbo au ukichomoa betri, kumbukumbu hizo nazo hupotea. Gereji zilizotangulia zilikuwa zimefuta kila kitu kabla ya kunirudishia gari, kwa hivyo alitutaka tuliendeshe kama kawaida, bila kugusa betri, hadi lizime tena, kisha tumrudishie. Kumbukumbu ilipopatikana ilionyesha joto la maji la kawaida la injini iliyokwisha kupata moto, na hilo likaondoa shaka ya kuchemka iliyokuwa ikimsumbua dereva wangu. Niongeze kwamba vile vifaa vidogo vya Bluetooth vya ELM327, vinavyouzwa kwa bei rahisi, vinafaa kusoma misimbo ya kawaida, lakini magari mengi tunayoagiza kutoka Japani hayavipi data yake yote. Mashine ya fundi huyu imetengenezwa kusoma mifumo ya Toyota yenyewe, na tofauti niliiona kwa macho.

Kipimo chenyewe ndicho kilichonifanya niandike. Katika HiAce injini iko chini ya viti vya mbele, mahali penye joto lisilotoka upesi na pasipofikika bila kuinua kiti. Fundi aliinua kiti cha abiria, akaunganisha nyaya tatu ndefu na kuzileta ndani ya gari: mmoja wa taa ndogo iliyoonyesha umeme unaoingia kwenye kompyuta, wa pili wa taa ya umeme wa pampu ya mafuta, na wa tatu wa multimita, yaani kipimia umeme, iliyosoma ishara ya sensa ya krankishafti upande wa kompyuta. Kisha akarudisha kiti, akakaa na vifaa vyake mapajani, na dereva akaelekeza gari Mambrui. Tulivuka daraja la Sabaki na kufika mbali bila jambo lolote. Ni wakati wa kurudi, joto likiwa limekwisha kuenea kule chini, ndipo namba kwenye multimita ilipoanguka hadi sifuri na injini ikazima. Muda mfupi baadaye taa ya pampu ikazimika, huku taa ya umeme wa kompyuta ikiendelea kuwaka. Mfuatano huo ulitosha kuwa ushahidi. Kompyuta ilikuwa na umeme wake, ishara ndiyo iliyotangulia kukatika, na pampu ilifuata amri.

Hakungoja gari lipoe. Pale pale kando ya barabara alichomoa soketi ya kompyuta na kupima nyaya za sensa kuanzia mwisho ule, ambapo kwa sensa ya aina hii angetarajia ukinzani wa umeme wa takriban ohm 2,000. Mita haikusoma kitu, kana kwamba hakuna sensa iliyounganishwa. Akapima sensa yenyewe kwenye soketi yake, ikatoa usomaji sahihi. Ubovu ulikuwa katikati.

Huko gereji, mita ikiwa imeunganishwa, alipapasa fungu la nyaya shubiri kwa shubiri, akiminya na kutikisa kidogo, hadi alipofika karibu na kishikio cha alteneta, ile inayochaji betri, na namba zikaanza kuruka. Alipofungua tepu aliniita nione. Ganda la waya lilionekana zima, ila palikuwa na sehemu iliyong’aa kwa kusuguana na chuma, na katikati yake tundu dogo sana. Alipolichana, shaba ya ndani ilikuwa imegeuka unga wa kijani, na zilizobaki ni nyuzi chache tu zilizogusana. Nyuzi hizo zilishikana injini ikiwa baridi, na joto pamoja na mtikisiko vikaziachanisha. Kuhusu chanzo, alitaja hewa yetu ya chumvi, lakini lawama kubwa aliiweka kwenye uoshaji wa injini kwa maji ya presha, hasa maji ya visima, ambayo sehemu nyingi za huku yana chumvi: yakishaingia ndani ya ganda la waya hayana pa kutokea.

Alikata waya pande zote mbili hadi akafikia shaba inayong’aa, akaniwekea kipande kibovu mkononi, akaunga kwa risasi, akafunika kwa mpira unaojibana kwa moto, akarudisha kikinga kinachoizuia ishara kuvurugwa na umeme wa koili za plagi, kisha akalihamisha fungu zima mbali na kishikio na kulifunga upya. Ningependelea waya wote ubadilishwe hadi kwenye soketi, na nilimwambia hivyo, lakini alinionyesha kwamba shaba iliyobaki ni safi, na sikuwa na hoja dhidi ya nilichokiona. Sensa ya zamani, ambayo dereva alikuwa ameitunza, aliipima ikiwa baridi na baada ya kuipasha kwa mashine ya kukaushia nywele, akaikuta haina kosa lolote. Tangu hapo gari halijazima, katika joto la Januari na Februari na njia zile zile.

Kuhusu malipo, nilitozwa shilingi 3,500 za uchunguzi na shilingi 1,200 za kazi ya waya. Ada ya uchunguzi hulipwa hata kama ubovu haukupatikana, na najua wapo watakaoiona ni dhuluma. Mimi naiona ni haki, kwa kuwa fundi asiyelipwa kwa kutafuta hana njia ya kupata riziki ila kukuuzia spea, na pampu ile ya mafuta ambayo haikuhitajika ilinigharimu zaidi ya mara tatu ya jumla hiyo.

Kasoro zipo na sitazificha. Uwanja una kibanda kimoja tu cha kivuli, kwa hivyo wakati wa masika kazi ya umeme husimama mvua ikinyesha. Simu haipokelewi kazi ikiwa mkononi, na hakuna wa kukuambia gari lako limefikia wapi mpaka ufike mwenyewe. Risiti ni ya kuandikwa kwa mkono, na dhamana ni ya mdomo. Kwa mtu anayetegemea gari hilo hilo kwa riziki, kuliacha bila kupewa siku ya kulichukua ni mzigo mzito. Ilinibidi kukodi gari la mwenzangu, na gharama hiyo haimo katika hesabu niliyoitaja. Naamini kijana mmoja wa kushika simu na daftari la zamu angeyaondoa malalamiko mengi kati ya haya.

Anayefikiria kwenda ajue kwamba Ijumaa hufungwa kuanzia kabla ya sala hadi alasiri. Magari ya dizeli yenye injini za 1KD na 2KD huyapokea kwa nyaya na sensa tu. Akithibitisha kwamba kosa ni la pampu ya presha kubwa au la injekta, hukueleza wazi na kukushauri uende Mombasa. Nenda na dereva anayeliendesha gari kila siku, na usichomoe betri wala kuruhusu mtu yeyote kufuta msimbo kabla hujafika kwake.