Duka la zafarani Mji wa Kale: zafarani safi, lebo ndo imenitatiza

Nlikuwa natafuta zafarani ya biriani ya harusi ya mdogo wangu, nkaelekezwa duka moja dogo Mji wa Kale, ukitokea Fort Jesus unaingia vichochoroni. Gramu moja shilingi 600. Ghali, lakini kilo moja yataka kama maua laki moja na nusu, kila ua linatoa nyuzi tatu tu na yachumwa kwa mkono alfajiri kabla jua halijapiga, sasa utalalamika nini. Nliroweka nyuzi chache maji ya vuguvugu, rangi ikatoka polepole na nyuzi zenyewe zikabaki nyekundu, ya bandia hutema rangi papo hapo. Harufu mashallah, jirani alibisha kuuliza napika nini.

Sasa lebo. Kikopo kimeandikwa "Hoseynabad, Khorasan, Iran" basi. Mimi napenda kujua kitu kimetoka kwa nani, na sisi wa pwani Uajemi si mbali na midomo yetu, bandari, nahodha, dirisha, yote maneno yao, kwa hivyo nkakaa na simu usiku nitafute hicho kijiji. Wallahi nlichoka! Iran ina vijiji vinaitwa Hoseynabad kwa mamia, abad kwao ni mahali palipokaliwa na watu, kwa hivyo kila Hoseyn alochimba maji akalima aliacha kijiji na jina lake. Ni kama kuambiwa nenda Mombasa kamtafute Mohamed. Na hiyo Khorasan nayo tangu 2004 imegawanywa mikoa mitatu, ya Kaskazini, ya Razavi ambako ndo kuna Mashhad, na ya Kusini ambayo makao yake Birjand. Zafarani yalimwa sana Razavi na Kusini, sasa yangu ni ya wapi?

Nkarudi dukani nkamuuliza ami mwenye duka, akanipa kiti na kahawa kwanza, hakukasirika hata kidogo. Akanieleza kijiji cha kule hakitajwi peke yake, wataja na dehestan, yaani kundi la vijiji, halafu bakhsh, yaani kama tarafa, halafu shahrestan, yaani kama wilaya, halafu mkoa, kama sisi tunavyotaja sublokesheni na lokesheni. Sensa yao nayo huhesabu kijiji kwa watu na kwa kaya, na kaya zikiwa haba mno idadi haichapishwi kabisa, jina linabaki tu kwenye orodha. Hilo limenikaa moyoni. Mombasa sensa ya 2019 tulikuwa 1,208,333, na huko kuna mahali watu ni familia mbili tatu, na pengine ndo hao waloinama shambani baridi ya vuli wakichuma maua nloweka mimi kwenye wali wa harusi.

Ami ameahidi atamuuliza anayemletea mzigo aandike shahrestan na mkoa. Namuomba afanye kweli, wale watu wanastahili kujulikana wako wapi, na mnunuzi naye akitaka kuhakikisha ana pa kuanzia.

Nawapa nyota nne, ya tano ntaongeza siku lebo ikibadilika. Wanafunga adhuhuri, wanafungua tena baada ya alasiri, na nendeni na pesa taslimu, siku yangu mpesa ilikuwa inasumbua.