Nilivyompeleka Sikujua kliniki ya mifugo Moshi: uzoefu wangu

Sikujua ni mbwa wetu hapa Kiboriloni, jike wa miezi 18. (Jina tulimpa kumsemea jirani, hiyo hadithi tuiache.) Alikuwa hajawahi kuingia kwenye joto, anakojoa kwa kunyanyua mguu kama dume, na ukeni palichomoza kinyama chekundu alichokilamba usiku kucha. Duka la dawa za mifugo walisema ni maambukizi, wakamchoma sindano siku 5. Hola.

Bodaboda wawili wakamkataa. Mwenye bajaji akakubali kwa nauli mara mbili. Kule kliniki, dada daktari hakukimbilia sindano. Alivaa glavu, akakibinya kile kinyama, kisha akaniambia nami niguse. Ndani kuna mfupa! Ni kinembe kilichokua kupita kiasi, kikaota mfupa kama wa uume wa dume. Altrasaundi ilionyesha mfuko wa uzazi, lakini ovari hazikueleweka. Alipompasua akakuta, pale ovari zinapokaa karibu na figo, korodani mbili ndogo.

Alinichorea kwenye karatasi: mbwa ana kromosomu (vibeba urithi ndani ya seli) 78, na mbili ndizo za jinsia, XX kwa jike, XY kwa dume. Wapo wa XX ambao tezi za uzazi hugeuka korodani wakiwa bado tumboni mwa mama yao, na homoni zake ndizo hukuza kinembe. Kipimo cha kromosomu hatukufanya, kwani upasuaji ungekuwa uleule: korodani zitoke maana zikibaki tumboni zinaweza kuleta saratani, na mfuko wa uzazi nao usije ukajaa usaha. Kinembe alikikata kwa kuwa kilishachubuka.

Kazi safi, nyuzi zimekauka vizuri, halambi tena. Lakini bei! Niliambiwa 180,000, nikalipa 260,000, kumbe kola (ya shingoni, ya kumzuia kulamba kidonda) na dawa za maumivu havikuhesabiwa. Semeni mapema, jamani. Na maelekezo ya kumtunza nilipewa kwa mdomo tu, nusu nikayasahau kwenye bajaji.

Daktari alisema tatizo hili hurithiwa kwa baadhi ya aina, mfano American Cocker Spaniel. Wangu ni chotara, ila akashauri wazazi wake wasikutanishwe tena. Nimempigia aliyeniuzia. Anasema nimemharibu mwenyewe kwa chakula.