Palmitiki na magariki damuni
Zote mbili ni asidi za mafuta yaliyoshiba, na zinapishana kwa atomu moja tu ya kaboni: palmitiki ina 16, magariki 17. Asili zake ndizo zilizo mbalimbali. Palmitiki imo kwenye mawese na nyama nono, lakini ini nalo huitengeneza lenyewe likizidiwa na sukari, wanga au pombe. Unaweza kupunguza mafuta na bado ikazidi damuni. Magariki huja hasa na maziwa na samli. Uchambuzi mkubwa wa mwaka 2014 uliikuta magariki ikiambatana na hatari ndogo ya maradhi ya moyo. Palmitiki haikuonyesha nafuu hiyo. Huo ni uhusiano, si uthibitisho kwamba samli hukinga. Ninayemjali ningemwambia aanze kwa kupunguza soda.