Ofisi iliyouliza kwanza tunavyoishi: tathmini ya huduma ya ukarabati wa nyumba

Nyumba yetu ya Tabata, Dar es Salaam, ilijengwa na marehemu baba kwa awamu, chumba baada ya chumba kadiri fedha ilivyopatikana, na ndiyo maana choo cha ndani kilikuwa na kizingiti kirefu ambacho mama, mwenye maumivu ya magoti, alikivuka kwa kujishikiza ukutani. Tulipoamua kuikarabati tulikwenda kwenye ofisi ndogo ya ramani na ujenzi, ambayo sitaitaja jina kwa kuwa ninayo malalamiko pia.

Kabla ya kuchora chochote, msanifu wao alifika nyumbani mara mbili, asubuhi na alasiri, akauliza nani huamka wa kwanza, maji huhifadhiwa wapi mgao unapoanza, nguo huanikwa wapi wakati wa masika na mtungi wa gesi hukaa wapi. Kazi hiyo ilikuwa na ada yake ya peke yake, na niliilipa kwa shingo upande. Leo ninaiona kuwa fedha iliyotumika vizuri kuliko zote.

Chumba cha mama kilikuwa na dirisha la magharibi pekee, hivyo kilipokea jua lote la jioni bila kupata upepo. Msanifu alitueleza kwamba kusi huvuma kutoka kusini-mashariki na kaskazi kutoka kaskazini-mashariki, kwa hiyo ukuta wa mashariki ndio unaostahili dirisha kubwa. Tulilifungua, tukaliwekea wavu wa mbu, tukarefusha paa upande wa magharibi ili kuta zipate kivuli, na kiyoyozi tulichokuwa tumekipangia bajeti hatukukinunua. Feni moja inamtosha mama usiku, na uniti za LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, hazipukutiki.

Kuhusu maji msanifu alikuwa mkali zaidi. Nilitaka bafu lenye bomba la mvua pana nililoliona dukani Kariakoo, lakini alinionyesha kwa hesabu kwamba kimo cha mita 10 ndicho huleta shinikizo la takriban baa 1, na simtanki letu la lita 2,000 lingesimama mita 4 tu juu ya bomba hilo, yaani chini ya nusu ya baa. Bomba la aina ile lingehitaji pampu, na umeme unapokatika pampu nayo husimama. Tuliweka bomba la kawaida, tukatumia paipu nene zenye kona chache kutoka kwenye tangi, na maji yanashuka vizuri hata gizani.

Jikoni alikataa makabati ya mbao za kusagwa chini ya sinki, kwa kuwa hufura zikilowa, akajenga rafu za zege zilizobandikwa vigae na kuzitia milango ya mninga, mbao isiyopendwa na mchwa. Chooni kizingiti kiliondolewa, mlango ukapanuliwa hadi sentimita 90, sakafu ikapewa mteremko na vigae visivyoteleza, na paipu ya kushikia ikafungwa kwenye ukuta imara. Mama sasa huingia peke yake, na kwangu mimi hilo peke yake lingetosha kuwasifu.

Usimamizi wa mafundi, hata hivyo, haukulingana na ubora wa mipango. Makadirio hayakutaja gharama ya kuondoa kifusi, nikalazimika kulipia lori mara tatu, kwa hiyo atakayekwenda kwao aulize jambo hilo kabla ya kusaini. Kibaya zaidi, rangi ya sebuleni ilipakwa juu ya lipu ambayo haikuwa imemaliza hata wiki mbili, ilhali saruji huhitaji takriban wiki nne ikauke, na masika yalipofika ukuta ukavimba na kubanduka. Waliukwangua na kuupaka upya mwezi Julai bila malipo, baada ya mimi kwenda ofisini kwao mara tatu.