Darasa la kujifunza kuhojiwa redioni pale Ngara, Nairobi, nimelipa shilingi 3,000 na naona ilistahili

Watu kama watano wa gereji yetu wameniuliza kama lile darasa la kujifunza kuhojiwa ni kutupa pesa ama kweli linasaidia, basi wacha niandike mara moja wote wasome.

Mimi ni mchoraji wa matatu, mwaka wa tisa huu. Nimechora nganya, zile matatu za michoro na mapambo, za Rongai, za Buruburu, na kuna moja ya Umoja bado iko barabarani na rangi yangu haijabanduka. Nipe kompresa na bodi ya gari nitakaa nayo mpaka saa nane usiku bila shida. Shida yangu ni maiki. Mwaka jana stesheni moja iliniita kwa kipindi cha asubuhi, laivu, mtangazaji akaniuliza "hebu tuambie, sanaa yako inamaanisha nini kwako?" na hapo hapo kila kitu kikatoka kichwani, ulimi ukashikana na kaakaa, vidole baridi kama nimetoka kuosha brashi kwa maji ya asubuhi, nikasema "ni… ni sanaa tu", halafu kimya. Wakaweka wimbo. Mamangu alikuwa anasikiliza na majirani wawili, alikuwa amewaita waje wanisikie. Hiyo ndiyo iliniuma, mpaka leo.

Sasa mwaka huu nikaalikwa tena na wengine, na nikajua nikienda vile nilivyoenda mara ya kwanza yatakuwa yale yale.

Darasa liko ghorofa ya pili juu ya duka la vitambaa, hakuna bango, unapiga simu unaelekezwa. Ni Jumamosi mbili, saa tatu asubuhi mpaka saa sita, 1,500 kwa kila siku, unalipa M-Pesa ukifika. Anayefunza ni mama mmoja aliyekuwa mtangazaji wa redio miaka mingi, amestaafu, sote tulimwita Mwalimu na yeye anakuita kwa kazi yako: we mchoraji, we mshonaji, we mshairi. Tulikuwa wanane.

Kitu cha kwanza nilichompendea, hakutuambia "usiogope". Hiyo nimeambiwa na kila mtu na haijawahi kunisaidia hata siku moja. Alitueleza mwili unafanya nini: ukishtuka unamwaga adrenalini, moyo unaenda mbio, damu inakimbilia misuli mikubwa na kuacha vidole, mate yanapungua. Yaani ile mikono baridi na ule mdomo mkavu ni kazi ya kawaida ya mwili wa mtu yeyote. Mimi mwaka mzima nilikuwa nadhani nimeumbwa na kasoro fulani. Halafu akatufunza pumzi: vuta kwa pua ukihesabu nne, toa polepole ukihesabu nane, mara sita, kwa sababu ile pumzi ndefu ya kutoka ndiyo inatuliza moyo. Na unafanya ukiwa bado kwa ngazi, usingoje ukae mbele ya maiki. Maji ya kunywa yawe ya kawaida, si ya friji. Kati ya mdomo na maiki iache nafasi ya ngumi moja na uongee ukiielekeza sauti kando kidogo, ndio zile P na B zisipasuke kwa masikio ya watu. Vitu vidogo, lakini mtu akishajua mikono yake iweke wapi anatulia nusu.

Lingine ni lugha. Hili sikuwa nimemwambia mtu. Nilikuwa naogopa Kiswahili changu, hiki cha gereji, niliona nikifika redioni nitachanganya ngeli na watu wa Pwani watanicheka. Mwalimu akasema, "Ongea vile unaongea na makanga wa hiyo gari, halafu neno likiwa gumu lieleze. Msikilizaji anataka kukujua, hakuja kukusahihisha." Mshonaji aliyekuwa kando yangu akafuta macho, kumbe na yeye ni hilo hilo.

Lakini kile kilichonibadilisha kabisa kilikuja Jumamosi ya pili. Anakuketisha, anawasha simu kurekodi, anakuhoji. Na akaniuliza swali lile lile, sanaa yako inamaanisha nini. Nikaanza, "Sanaa ni…" akazima simu. "We mchoraji, hiyo sanaa hatuioni hapa mezani. Niambie gari moja." Nikanyamaza kidogo halafu nikamwambia ile ya kwanza niliyoshika kama msaidizi, kazi yangu ilikuwa kubandika masking tepu tu, na fundi wangu aliyekuwa ananionyesha alikuwa anapitisha kidole kwenye ukingo wa tepu kila mara kabla ya kupuliza rangi, polepole, kama anayefunika mtoto. Alikuwa mchoraji tangu zamani, halafu 2004 zikaja sheria za Michuki, yule waziri wa uchukuzi, kila matatu mkanda wa njano, michoro ikafutwa, yeye akaenda kuandika mabango ya maduka na bucha. Mpaka Rais Uhuru Kenyatta aliposema 2014 kwamba vijana waachwe wachore ndio akarudi kwa magari, na kidole chake kilikuwa bado kinajua tepu. Niliongea dakika sita. Mwalimu hakunikatiza. Aliponichezea ile sauti sikuamini ni mimi, nilisikia mtu anayejua kazi yake.

Kasoro ziko na lazima niseme. Jumamosi ya kwanza tulianza saa nne kasoro, na mimi nilikuwa nimetoka Githurai mapema. Barabara chini ina kelele, honi zinaingia kwa rekodi. Watu wanane ni wengi, mtu anahojiwa mara mbili tu kwa siku zote mbili, na ile mara ya pili ndiyo unaanza kufunguka, kwa hivyo ningetaka mara nne. Kama unaenda televisheni, hakuna lolote kuhusu kamera wala mavazi, ni redio na mahojiano ya sauti peke yake.

Mahojiano yangu yalikuwa wiki tatu zilizopita. Nilimpigia prodyusa siku moja kabla nikauliza ni laivu ama ya kurekodi, ni dakika ngapi, na swali la kwanza litakuwa gani, Mwalimu alituambia hilo si kosa kuuliza na kweli prodyusa alijibu vizuri tu. Ilikuwa ya kurekodi, dakika ishirini. Mikono ilikuwa baridi vile vile. Nilipumua kwa ngazi. Katikati nilipoteza neno, nikasema "naomba nirudie hapo", nikarudia, na kipindi kilipotoka hapakusikika pengo lolote. Mamangu safari hii alisikiliza peke yake, hakutaka kuita mtu. Kiliporudiwa Jumapili aliita.

Ukienda beba kitu kimoja ulichotengeneza, atakuuliza. Sasa hivi anachukua watu sita tu, na piga simu jioni, mchana huwa hashiki.