Watamu, Arabuko-Sokoke na Gede kwa baiskeli ya kukodi: mwelekezi apewe alama kumi, baiskeli alama nne

Nianze na mchanga, maana ndio ulionipa kazi. Juma moja kabla ya safari nilipiga simu duka la kukodisha baiskeli huko Watamu, pwani ya Kenya, nikauliza njia ya msituni ikoje. Nikajibiwa, "Tambarare, mama, hata mtoto anapita." Tambarare ni kweli kwa sehemu kubwa. Lakini ndani ya msitu wa Arabuko-Sokoke kuna mahali mchanga ni mweupe na laini kama unga wa muhogo, na gurudumu la mbele likishazama humo usukani unakutoka mikononi. Mpwa wangu alianguka mara mbili kabla hatujajua la kufanya.

Mimi ni muuguzi, naishi Kisauni, Mombasa, umri wangu miaka 46. Baiskeli nilianza miaka minne iliyopita, alfajiri nikitoka zamu ya usiku, barabara zikiwa bado tupu. Mpwa wangu anasoma chuo Kilifi, na ndiye aliyenitia hamu: "Shangazi, lami umeimaliza, twende msituni." Tukaenda Jumamosi moja ya Septemba, kusi inapuliza, mvua hakuna, na jua halikuanza kuchoma mpaka saa tano.

Tulilipa shilingi 1,500 kwa kila baiskeli kwa siku nzima, na 2,500 za mwelekezi tukachangiana. Ada ya msitu na ya magofu ya mji wa kale wa Gede ni mbali na hizo.

Duka lenyewe silitaji jina. Niliwaeleza wenyewe ana kwa ana tuliporudi, wakasikiliza, wakasema watatengeneza. Lakini anayefikiria kukodi baiskeli popote pale Watamu ajue la kuangalia kabla hajatoa pesa. Baiskeli niliyopewa ilikuwa ya milimani kweli, gia 21, fremu nyepesi, tairi zenye meno. Raba za breki ya nyuma zilikuwa zimelika hadi chuma kinakwaruza rimu. Nilimwonyesha kijana wa dukani, akakaza waya, akasema, "Tayari." Kukaza waya hakurudishi raba iliyokwisha. Ya mpwa wangu cheni ilikuwa kavu, ikiruka kila akitia gia nyepesi. Hakuna aliyepewa pampu wala tyubu ya akiba. Maji tulipewa chupa ya nusu lita kila mtu, kwa safari iliyochukua saa nane nzima! Nimewapokea wodini watu waliozidiwa na jua, najua mwili unavyofika hapo, na nawaomba wenye biashara hii wasilifanyie mchezo. Lita tatu kwa mtu, na mengine mnunue maduka ya Gede mkipita.

Kilichoiokoa siku yetu ni mwelekezi. Kijana wa Kigiriama, mzaliwa wa upande wa Gede, alikuja na baiskeli yake mwenyewe, kuukuu lakini imepakwa mafuta kila kiungo, na mkoba wenye pampu, viraka, gundi na bisibisi. Alitukuta tunapambana na mchanga, hakucheka wala hakutuharakisha. Alichuchumaa, akafungua vali, akatoa upepo huku akiibana tairi kwa dole gumba mpaka ikabonyea kama embe lililoanza kuiva. Kisha akatufundisha: gia nyepesi, ukae nyuma kidogo, mikono ilegee, usipige kona ghafla, na miguu isiache kukanyaga. "Ukisimama umezama, mama. Wacha baiskeli iogelee." Baada ya hapo nikapita mahali nilipokuwa nimekwama kabisa, na nilipofika mwisho wa kipande kile nilipiga kelele ya furaha hadi ndege wakaruka.

Ukiwa juu ya baiskeli, msitu huu unausoma kwa magurudumu. Eneo lake ni kilomita za mraba kama 420, ndio mkubwa kuliko misitu yote ya ukame ya pwani iliyobaki Afrika Mashariki, na hauko sawa kila mahali. Karibu na barabara kuu ya Mombasa na Malindi ardhi ni ya kijivu, imeshikana, miti imechanganyika, na mibambakofi inasimama juu ya miti mingine. Hapo unaenda mbio bila kujua. Ukiingia ndani unafika kwenye miti ya mirihi: mchanga unakuwa mweupe, miti inaachana, mwanga unashuka hadi chini, na ndipo tulipoanguka. Mbele zaidi ardhi inageuka nyekundu na vichaka vinasongamana, matawi yanakukwaruza mabega. Mwelekezi alituambia mirihi inaweza kuishi kwenye mchanga ule usio na rutuba na miti mingine haiwezi, kwa hiyo rangi ya ardhi inakuonyesha mapema miti utakayoikuta. Nilipofahamu hilo nikawa napunguza gia nikiona weupe kwa mbali.

Mara tatu tulisikia majani makavu yakichakarishwa kwa kasi, na mara ya tatu tukamwona: isanje, mnyama mdogo mwenye pua ndefu kama kimkonga, kiunoni nyuma ana baka la manjano linalong'aa. Aina hii haipatikani ila kwenye misitu michache ya pwani ya Kenya, na hapa ndipo ngome yake. Akatoweka. Katika vile vichaka vyekundu mwelekezi alitushusha, tukalaza baiskeli, tukatembea kimya kwa dakika kumi hadi akatuonyesha bundi wa Sokoke amelala kwenye tawi la chini, kimo chake hakifiki hata shubiri. Nimezaliwa pwani, nimepita barabara ile ya Malindi kwa matatu mara zisizo na idadi, na sikujua kwamba bundi huyu yupo mwendo mfupi tu kutoka dirisha la matatu.

Kuna ndovu pia. Tulikuta kinyesi njiani, mwelekezi akashuka, akakigusa kwa nyuma ya mkono kuona kama kina joto, akasikiliza, kisha akatugeuza tukapita njia nyingine. Kwa sababu hiyo pekee nasema msiingie peke yenu, hata kama ramani ya simu inaonyesha kila kijia.

Njia inayopanda kwenda Nyari ndiyo yenye kilima cha maana. Juu unaona vilele vya msitu vikitandazwa chini yako, mbele kidogo hori la Mida, mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, kisha bahari yenyewe. Tulikaa pale tukala mahamri na mbaazi tulizobeba kwenye bakuli, na hamri la jana kwenye upepo ule lilikuwa tamu kuliko la moto nyumbani. Kushuka ndiko breki iliponiangusha moyo. Niliminya ya nyuma, chuma kikalia, baiskeli ikaendelea. Ya mbele ukiiminya peke yake mchangani unapinduka. Nikashuka, nikaikokota mpaka chini.

Gede tulifika saa saba, baiskeli tukaziegesha langoni, na ndani tukatembea na mwelekezi wa pale pale, mama mtu mzima anayejua kila ukuta. Nilikuja Gede mara moja tu nikiwa shule ya msingi, nikakumbuka kima na mti mkubwa. Kuja huku umetoka msituni kwa miguu yako ni jambo jingine kabisa. Unakuwa umeshaona jinsi msitu unavyomeza njia ya juzi, kwa hiyo unaelewa jinsi ulivyoumeza mji mzima ulioachwa karne ya 17. Mizizi imeshika kuta za mawe ya matumbawe, na hujui ni mti unaobomoa ukuta au ndio unaoushikilia.

Mji ule ulikuwa na watu wenye nafasi. Mwanaakiolojia James Kirkman, aliyeanza kuchimba hapa mwaka 1948, alizipa nyumba majina ya vitu vilivyokutwa ndani: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Kauri, Nyumba ya Kisanduku cha Pembe. Vyombo vya udongo vililetwa hata kutoka Uchina. Vyoo viko ndani ya nyumba. Katika msikiti mkuu niliona mihrabu, kibla ikielekea kaskazini kama ya msikiti wa mtaani kwetu, na pembeni kisima na pahali pa kutawadhia. Kisima kikavu. Miongoni mwa sababu zinazotajwa za watu kuhama ni maji kushuka visimani, na mimi nilisimama pale nikiwa na chupa tupu mkononi.

Kaburi lenye tarehe ndilo lililonikalisha. Limeandikwa mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Nilivua helmeti, nikafunga mtandio vizuri, nikamsomea Fatiha. Mpwa wangu akasimama nami. Mwaka 2024 UNESCO iliuingiza mji huu katika Urithi wa Dunia, na siku ile tulikuwa watu sita tu ndani. Watu wa Mombasa, twendeni! Na kima msiwape chakula. Wamezoea kunyang'anya, wanawatisha watoto, na ndizi unayompa leo ndiyo itakayomfanya amrukie mwingine kesho.

Mradi wa Kipepeo uko hapo hapo langoni, ambapo wakulima wanaoishi kando ya msitu huleta viwavi waliogeuka pupa, hatua ya mwisho kabla ya kuwa kipepeo, ili wauzwe nje. Tulipita haraka, tumechoka. Mida hatukufika kabisa. Tuliiona kutoka juu tu.

Kwa wanawake wenzangu: baibui na cheni havipatani, na baiskeli hizi hazina kifuniko cha cheni. Nilivaa suruali pana iliyobanwa kifundoni kwa lastiki, shati refu la mikono hadi kiganjani, na mtandio mwepesi wa pamba chini ya helmeti. Nilijisitiri na nilikanyaga bila tabu siku nzima. Mwambie fundi aipandishe au aishushe siti mpaka goti libaki limepinda kidogo mguu ukiwa chini. Mimi sikufanya hivyo asubuhi na magoti yalinikumbusha siku mbili.

Kwa jumla, njia hii naipa tisa kati ya kumi, mwelekezi kumi, baiskeli nne. Kabla ya kulipa minya breki zote mbili huku ukiisukuma baiskeli mbele, zungusha pedali kinyumenyume usikilize cheni, uliza pampu iko wapi, na kama tairi ni nyembamba kataa.

Januari tunarudi, mpwa wangu na mimi, safari hii mpaka Mida. Namba ya mwelekezi ninayo. Baiskeli nitapakia yangu juu ya matatu kutoka Mombasa, na nimeshanunua raba mpya za breki, jozi mbili.