Frown na scowl: uso upi ni upi?

Katika darasa letu la jioni la Kiingereza hapa Bukavu, wanafunzi wengi huandika "kukunja uso" kwa maneno yote mawili. Haitoshi.

Frown ni kukunja ndita. Mama anayeuza sambaza, wale samaki wadogo, soko la Kadutu akihesabu chenji, nyusi zimekutana, midomo inanong'ona hesabu: hana ugomvi na mtu, anawaza tu. Huzuni na mashaka pia humo. Waingereza huiona frown kwenye paji la uso, lakini Wamarekani wengi huiona mdomoni, pembe zikishuka, kama kile kikatuni cha huzuni kwenye simu.

Sasa mpe mama yuleyule noti ya dola iliyochanika pembeni. Atakukazia macho, uso mzima umejikunja, na wewe utajua ni wewe. Hiyo ni scowl. Ina hasira, na mara nyingi ina mlengwa. Msiifasiri kununa, tafadhali. Anayenuna hugeuka pembeni akanyamaza.

Na mkikuta frown imefuatwa na "on", sahauni uso kabisa: maana yake ni kutoafiki jambo. Scowl haitumiki hivyo.